Chupa ya 1994

Kazi yangu ni kusoma vitabu na kusema kama vinafaa. Mhariri aliposikia kwamba nyumbani kwetu Machakos kuna chupa ya mvinyo mwekundu iliyolala chini ya nyumba tangu 1999, aliniambia niihakiki kama ninavyohakiki riwaya. Nikacheka. Halafu nikakumbuka kwamba mdogo wangu alikuwa ameshaanza kuitafutia mnunuzi kwa simu, na kwamba nikichelewa nitabaki kuhakiki kizibo.

Nieleze kwanza hapo chini ya nyumba ni wapi. Nyumba yetu iko kwenye mteremko wa vilima vya Iveti, mahali ambapo kila shamba limekatwa matuta ya fanya juu kama ngazi. Ukijenga hapo, upande mmoja wa nyumba unakalia ardhi na upande wa pili unaning'inia, kwa hiyo chini ya sebule panabaki uwazi. Baba aliuziba kwa mawe akapata chumba kidogo chenye kuta tatu. Ukuta wa nne ni kilima chenyewe. Sisi tulikiita stoo ya chini. Mlikuwa na magunia ya mahindi, majembe, mabati yaliyobaki tulipoezeka jikoni, na nyuma kabisa, kwenye rafu ya mbao, chupa. Mwezi wa nane nilipeleka kipimajoto huko saa nane mchana: nje nyuzi 24, ndani 17. Wenye maghala ya mvinyo Ulaya wanataka nyuzi 12 au 13, giza na utulivu. Giza tulikuwa nalo. Utulivu pia, ukiondoa panya.

Kwa kawaida chupa ya mvinyo kwetu haikai gizani. Inakaa kwenye kabati la sebuleni, nyuma ya kioo, imesimama wima kando ya picha ya mahafali na maua ya plastiki, ili mgeni aione. Jua la alasiri linaipiga kila siku. Kwa kuwa imesimama, mvinyo haugusi kizibo. Kizibo kinakauka, kinasinyaa, hewa inaingia. Siku mgeni wa heshima akija kweli, anamiminiwa siki na anaisifu, maana afanyeje?

Baba aliyajua hayo yote. Kwa miaka 27 alikuwa weita kwenye hoteli moja ya Nairobi, na miaka mingi ya mwisho yeye ndiye aliyeshika mvinyo: aliyeonyesha mteja jina la chupa, akaizibua, akamimina tone la kuonja, akasimama kando akisubiri mzungu, na baadaye mheshimiwa, atikise kichwa. Nyumbani alirudi mwisho wa mwezi, Ijumaa usiku, na nyumbani hakunywa. Kanisa la mama haligusi kileo. Hata meza ya Bwana kwao ni juisi. Kwa hiyo chupa za zawadi alizopewa na wateja ziliteremshwa stoo ya chini kimyakimya, zikalazwa ubavu, na kila baada ya miaka miwili mitatu moja ilitoweka kwenda kwa rafiki au kwa daktari. Ikabaki moja. Alipewa na mteja wa miaka mingi wiki aliyostaafu. Hoteli yenyewe ilimpa saa ya ukutani, ambayo ilisimama kabla ya mwaka kwisha.

Tukimuuliza habari ya ile chupa, alikuwa na jibu moja tu. "Hiyo ni ya siku yake." Siku gani, hakusema. Mahafali yangu yakapita kwa soda. Harusi ya mdogo wangu ikapita kwa soda. Mwaka 2021 tulimzika, na siku hiyo tulikunywa chai.

Chupa ni Cabernet Sauvignon ya Stellenbosch, Afrika Kusini, ya mavuno ya 1994. Shamba lililoutengeneza silitaji, maana hukumu yangu ni ya chupa hii moja na stoo hii moja, na sitaki mtu aende dukani kwa sababu yangu au aache kwenda. Lakini mwaka lazima niuseme, kwa sababu kwenye chupa mwaka si pambo. Kule kusini zabibu huvunwa kuanzia Februari hadi Aprili. Uchaguzi wa kwanza ambao watu wa rangi zote walipiga kura ulianza mwishoni mwa Aprili 1994. Maana yake ni kwamba mikono iliyochuma zabibu hizi ilikuwa bado haijapiga kura kwenye uchaguzi wa watu wote, na ilikuwa imebakiza wiki chache tu. Tena kwenye mashamba ya Cape kulikuwa na desturi iliyoitwa dop, ya kumlipa kibarua sehemu ya ujira wake kwa vikombe vya mvinyo hafifu. Ilipigwa marufuku tangu miaka ya 1960, ila kwenye baadhi ya mashamba iliendelea hadi miaka ya 1990. Basi weka hapo watu wawili: mmoja analipwa mvinyo asioutaka badala ya pesa, na mwingine, baba yangu, anamimina mvinyo mzuri mwaka baada ya mwaka na haruhusiwi kuunywa, kazini kwa sheria ya hoteli na nyumbani kwa sheria ya kanisa. Sidai kwamba nilionja habari hizo kwenye glasi. Nasema tu kwamba nilikuwa nazijua kabla ya kuzibua, na mhakiki asikufiche alichokuwa nacho kichwani kabla hajafungua kitabu.

Kulikuwa pia na daftari. La shule, la kurasa 48, lenye meza ya hesabu nyuma. Baba alilitumia kuwafundisha maweita wapya ambao Kiingereza chao kilikuwa cha kuvunjavunja kama chake alipoanza. Wateja walitupa maneno yao, yeye akayatafutia Kiswahili. Tannin, ile hali ya mvinyo mchanga kukausha ulimi na kuukwaruza, ameiandika "ukakasi". Sijui kama unaona uzuri wa neno hilo. Mwingereza inabidi akueleze kwa sentensi nzima kwamba si uchungu, si uchachu, ni hisia ya kukauka kinywani. Mswahili aliyewahi kung'ata ndizi mbichi au bibo la korosho haelezwi. Ukakasi ni ukakasi. Kwenye kurasa nyingine baba ameandika hukumu fupifupi: "Italia, nyekundu. Ukakasi mwingi, isubiri." "Ufaransa. Imechoka, usimpe mtu anayejua." "Ureno. Tamu, ya akina mama, lakini mzee mmoja alimaliza peke yake." Nimesoma wahakiki wa mvinyo wa magazeti makubwa ya ng'ambo, na ninakuambia "imechoka" ni uhakiki kamili. Habari za chupa yetu hazimo. Hakuifungua, basi hakuandika.

Nilipanga tuifungue Jumamosi, mwaka wa pili baada ya mazishi. Tulikuwa wanne: mimi, mdogo wangu, mzee jirani ambaye alikuwa rika la baba, na mama, ambaye alisema hayupo ingawa alikuwa jikoni hatua tano kutoka mezani.

Mdogo wangu alikuwa bado anapinga. "Kuna watu Nairobi wananunua hizi vitu, bro. Miaka karibu 30! Unajua hiyo ni pesa ngapi?"

Hajui, na mimi sijui, lakini nilimweleza kisa cha chupa ya Lafite ya 1787 iliyouzwa kwenye mnada wa Christie's mjini London mwaka 1985 kwa pauni 105,000, kwa sababu ilisemekana ilikuwa ya Thomas Jefferson. Miaka ishirini baadaye tajiri mwingine wa Marekani, aliyekuwa amenunua chupa za ukoo huohuo, alienda mahakamani kudai kwamba ni za kughushi. Mnunuzi wa chupa ya zamani hanunui kinywaji, ananunua hadithi. "Na hadithi ya hii yetu," nikamwambia, "haina thamani kwa mtu mwingine." Akanyamaza, ila nadhani ni kwa sababu mzee jirani alikuwa ameshachukua glasi.

Kizibo hakikutoka kizima. Nilitumia kizibuo cha baba mwenyewe, kile cha mfukoni chenye kisu kidogo, na nusu ya juu ikatoka vizuri, nyeusi kwenye ncha. Nusu ya chini ikasagika kama ugali wa jana. Ilibidi tuchuje. Baba angetumia mshumaa chini ya shingo ya chupa ili aone mashapo yakianza kuja, aache kumimina hapohapo. Mimi nilitumia tochi ya simu, chujio la chai, na jagi la maji la glasi. Mashapo yalikuwa mengi, yamegandamana ubavuni mwa chupa kama rangi iliyokauka. Hayo mashapo ndiyo ukakasi wa zamani. Miaka inavyokwenda, vile vitu vinavyokausha ulimi hushikana vyenyewe kwa vyenyewe, vikawa vizito, vikazama. Mvinyo uliokomaa ni mvinyo ulioweka ugomvi wake chini.

Rangi. Mvinyo mchanga wa aina hii una rangi ya zambarau iliyoiva. Huu ulikuwa rangi ya tofali katikati, na pembeni ulikuwa umepauka kuelekea chungwa, rangi ya strungi iliyokaa kwenye kikombe. Mzee jirani aliushika kwenye mwanga wa dirisha akasema, "Ni kama maji ya barabara mvua ikinyesha." Hakukosea. Udongo wetu ni mwekundu hivyohivyo.

Harufu, hapa ndipo uhakiki unapokuwa mgumu, na lazima nisimame kidogo.

Mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux walichapisha jaribio moja ambalo kila mhakiki, wa chochote kile, angelibandika ukutani. Waliwapa wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo glasi mbili: mvinyo mweupe, na mvinyo mweupe uleule uliotiwa rangi nyekundu isiyo na ladha. Huo wa pili waliueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Jicho lilikuwa limeshaandika tahakiki kabla ya pua kufika. Wengi walilichukua kama kichekesho cha kuwavua nguo wataalamu. Mimi lilinitia hofu ya aina nyingine. Kama maneno yanatoka kwenye jicho na kwenye vitabu, si puani, basi maneno niliyosoma kuhusu Cabernet ya zamani yalikuwa yanasubiri tu nifungue kinywa: "blackcurrant", "cigar box", "leather". Na blackcurrant nimeionja wapi mimi? Kwenye chupa ya Ribena, kama kila mtoto wa Kenya. Tunda lenyewe sijawahi kuliona. Cigar box, yaani kasha la sigara nene za matajiri, sijawahi kulifungua.

Basi nikajiwekea sharti. Sitasema ninasikia harufu ya kitu ambacho sijawahi kukishika.

Kwanza ikaja harufu mbaya kidogo, ya chumba kilichofungwa. Hiyo ikaondoka baada ya dakika chache. Ikaja ukwaju; si ule mbichi, ule uliokaushwa ukakandamizwa kwenye karatasi, wenye utamu mweusi. Halafu majani makavu chini ya mwembe. Halafu, na hapa nilicheka peke yangu, ugoro. Susu yangu, mama yake baba, alikuwa na kopo la ugoro, mbaki kama anavyouita, na akikubeba mgongoni harufu ilikuwa hiyo: tumbaku, kitu kama magadi, na ngozi ya mtu mzee. Kumbe kasha la sigara la yule mhakiki wa London na kopo la Susu ni kitu kimoja. Yeye ameandika babu yake, mimi nimeandika bibi yangu.

Nikaonja.

Sitasema uongo. Mdomo wa kwanza ulikuwa mzuri sana, na nilikuwa nimejiandaa kwa ubaya, kwa hiyo gawa sifa hiyo kwa mbili. Ulikuwa mwepesi kuliko nilivyotarajia, laini, ukakasi umebaki kama kumbukumbu tu kwenye ufizi. Uchachu wake ulikuwa bado hai, na huo ndio uliousimamisha. Mvinyo uliokosa uchachu unalala kinywani kama uji uliopoa. Mwanzo upo. Mwisho upo, tena mrefu: ukwaju uleule ukirudi, na kitu cha chumvichumvi. Shida ni katikati. Katikati hapana tunda. Pale ambapo mvinyo mzima ungekujaza kinywa, huu unakupa nafasi tupu, halafu unakukuta upande wa pili. Nimesoma riwaya za namna hiyo, za waandishi wakubwa uzeeni: sura ya kwanza ya bwana, sura ya mwisho ya bwana, na kati yake unapitishwa kwa heshima ya jina.

Kwa hiyo hukumu: ungekunywewa miaka kumi kabla. Kabla ya 2013 nafikiri ungekuwa na ukwaju na ugoro huu, na tunda juu yake. Stoo ya chini ni nzuri, lakini nyuzi 17 na zaidi si 13, na kila nyuzi inaharakisha saa. Mimi ningetoka nje na kusema hivyo kwa kifupi: mzuri, umechelewa.

Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na akinyamaziwa je? Maana ukiuhukumu mvinyo huu kwamba umechelewa, unamhukumu aliyeuchelewesha. Hapo ndipo kalamu ilinigomea kwa wiki mbili. Ningeweza kuandika kwamba ulikuwa wa ajabu. Nani angebisha? Chupa imekwisha. Robert Parker, Mmarekani aliyeanza kuvipa mvinyo alama mwaka 1978, alikuwa akipima kwa 100, na kipimo chake kinaanzia 50, yaani hata siki inapata nusu ya mtihani. Ningeupa 95 kwa ajili ya baba na maisha yangeendelea. Ila mtu aliyeandika "imechoka, usimpe mtu anayejua" asingenisamehe.

Nadhani kosa lake, kama ni kosa, ni la lugha pia. Sisi Wakamba tuna uki. Uki wa asali unatengenezwa kwa maji, asali na miatine, yale matunda marefu yanayoning'inia kama soseji kwenye mti wake. Yanakaushwa, yanachachusha, na baada ya siku chache kinywaji kiko tayari. Baada ya siku chache nyingine kimeharibika. Hakuna uki wa mwaka jana. Kinachotakiwa kuzeeka ni mnywaji: zamani uki ulikuwa wa atumia, wazee, na kijana alingoja miaka ndipo apewe kibuyu. Mvinyo wa Ulaya umegeuza mambo. Huko kinywaji ndicho kinachongojea, na kijana yeyote mwenye pesa anaweza kununua uzee wa chupa. Baba alikuwa na mguu huku na huku. Alijifunza hotelini kwamba chupa hungoja, na alijua kwao kwamba mtu hungoja. Akaziunganisha subira mbili, na chupa ikamshinda kwa muda.

Hata majina hatukuyapanga wenyewe. Mvinyo ni wa Wareno. Divai, ya kwenye Biblia, ni Kifaransa kilichovaa kanzu. Zabibu ni Kiarabu, na kwao maana yake ni tunda lililokaushwa, si bichi. Waini ni ya kwenye supamaketi. Kila aliyepita alituachia jina akaondoka na chupa. Na bado kuna Abunuwasi, mjanja wetu wa hadithi za utotoni. Ukimfuatilia nyuma hadi Baghdad ya karne ya 8 na 9 unamkuta Abu Nuwas, mshairi aliyesifika kwa mashairi ya mvinyo kuliko kwa chochote kingine. Alipofika pwani yetu tulimwachia ujanja tukamnyang'anya glasi. Sijawahi kuona mtu akiliandikia jambo hilo vya kutosha. Siku nyingine.

Na si kwamba mizabibu hatuna. Yatta, ndani ya kaunti hii hii ya Machakos, KWAL walipanda mizabibu na kutoa mvinyo wenye jina la mahali. Naivasha kuna Leleshwa. Dodoma, Tanzania, ambako wamishonari Wakatoliki walileta mizabibu kwa ajili ya misa, wanavuna mara mbili kwa mwaka, kwa sababu hakuna baridi ya kuulaza mti; mkulima anaulaza mwenyewe kwa kuukata matawi. Mvinyo mwingi wa kwetu unatengenezwa unywewe mapema, na sioni aibu yoyote hapo. Wa Yatta nimeunywa na nyama choma, siku ileile ulionunuliwa, na hakuna aliyeniambia ni wa siku yake.

Turudi mezani. Kwa kama dakika ishirini glasi iliendelea kupanda: ukwaju ukawa mtamu zaidi, hata lile pengo la katikati nikalisahau kidogo. Halafu ukaanza kushuka, na uliposhuka ulishuka haraka. Saa moja baada ya kuzibuliwa ulikuwa na ladha ya kutu. Mvinyo mzee hauvumilii hewa. Umekaa miaka 29 ukikwepa pumzi, ukiipata unakufa nayo. Mdogo wangu, ambaye mdomo wa kwanza alisema "Hii imeoza" na wa pili "Ngoja", alimaliza glasi yake akamimina nyingine bila kuomba. Sikusikia tena habari ya mnunuzi.

Mzee jirani alionja mara moja tu. Alitoka hadi mlangoni, akamwaga kiasi kwenye udongo, kidogo kidogo, akisema maneno ya Kikamba kwa sauti ya chini. Ni desturi ya kuwakumbuka aimu, waliotangulia, na mama haipendi, lakini hakusema neno. Mzee alirudi akaketi. "Amepata," akasema. Nikamuuliza mvinyo aliuonaje. Akafikiri. "Umenyamaza," akasema. Nimejaribu kuitafsiri hukumu hiyo kwa lugha ya wahakiki na nimeshindwa, kwa hiyo naiacha hivyo.

Mama alitoka jikoni tulipokuwa tumebakiza robo ya jagi. Nilidhani amekuja kuondoa vyombo. Alisimama, akafuta mikono kwa leso, akaniambia, "Lete."

"Mwaitu, hii ni waini."

"Nimesema nitakunywa? Lete ninuse."

Nikampa glasi. Aliishika kwa mikono miwili kama kikombe cha chai ya moto, akaiinamia, akakaa hapo muda mrefu kuliko sisi sote.

"Hii ni koti," akasema.

Hatukuelewa. Akaeleza bila kututazama. Kwa miaka yote ile baba alirudi Ijumaa za mwisho wa mwezi na koti lake jeusi la kazi, na koti lilinuka hivi. Mwanzoni alimuuliza, akajibiwa kwamba mvinyo humwagika ukiwa unamimina, na kwamba vizibo alikuwa akivitia mfukoni asubuhi hadi jioni. Hakuamini. Aliombea jambo hilo kanisani, kwa jina lake, mbele ya watu. Baba hakurudi kanisani hapo kwa karibu mwaka mzima, nasi watoto tuliambiwa ana kazi nyingi.

"Nilikuwa nikilifua koti usiku huohuo," mama alisema, "ili lisilale ndani."

Mdogo wangu akauliza, taratibu, kama sasa anaamini. Mama akairudisha glasi mezani. "Kunusa si kujua," akasema. "Mtu anaweza kunywa na pia akamwagikiwa."

Sijui kama nimewahi kusikia hukumu ya haki kuliko hiyo, na nimekaa kwenye majopo ya tuzo mbili.

Aliiokota chupa tupu, akaiinua kwenye mwanga, akatazama mashapo yaliyogandia ubavuni. Akaniuliza kama yanatoka. Nikamwambia kwa maji ya moto na mchele, ukitikisa. "Basi usiitupe," akasema. "Kuna asali ya Kitui imekaa kwenye kopo la plastiki, siipendi humo."